Mwaka Niliomshikia Nasor Mpira

Mtoto wa ami yangu, Nasor, amerudi Ibra, mji wetu huku Omani, wiki moja baada ya Idi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisema alhamdulillahi kwa ulimi huku moyo ukisema jingine. Sabla yetu, chumba cha wageni ambacho kwa kawaida hukaa wazee wanne na birika moja la kahawa, sasa haina pa kuweka mguu. Vijana wanakuja na simu zao. Wamezitafuta filamu za zamani, wanamwonesha mwenyewe: mtu mwembamba aliyevaa kofia ngumu kama ndoo anaingia uwanjani Amerika, anapiga hatua tatu, anaupiga mpira mrefu wenye ncha mbili kwa mguu wa kushoto, mpira unapita kati ya milingoti, naye anatoka. Basi. Nusu dakika. "Shikamoo, ami Nasor," wanamwambia, "mashaallah, huyu kweli ni wewe?" Naye hucheka, hushika magoti yake ambayo yote mawili sasa yana chuma ndani, na husema alikuwa yeye kabla hajala wali mwingi. Mimi hukaa pembeni yake kwenye mto ule ule. Nimesalisha watu wa mtaa huu miaka mingi kuliko umri wa vijana hao, na wengi wao nimewasomesha juzuu ya kwanza kwa mkono wangu. Hapana aliyeniinulia simu. Sisemi hivi kulalamika. Nasema kwa sababu nilidhani ugonjwa huu nilikwisha kuuzika, na kumbe ulikuwa umelala tu.

Jinsi tulivyofika huku kutoka Unguja nimeshaeleza mahali pengine, sirudii. Mwaka ninaoukusudia ni ule tuliokuwa na miaka kumi na minane, mimi na Nasor, tukiishi kwa bibi yetu, Bi Zuwena, katika nyumba ya udongo karibu na mashamba ya mitende. Tulilala chumba cha juu chenye dirisha moja na vishubaka viwili ukutani. Cha kwangu kilikuwa na msahafu na madaftari. Cha Nasor kilikuwa na viatu vya mpira, kimoja kimepasuka. Bibi alizoea kunisifu mimi. Samaki wa Sur, kule pwani, alifika Ibra kwa gari, juu ya barafu, na Bibi alimchagua kwa kumfunua mashavu kama alivyokuwa akifanya sokoni Darajani, Unguja, akampika mchuzi, na kichwa alinipa mimi. "Kichwa kwa mwenye kusoma," alisema. Nasor hakujali, alipenda mkia. Nilikula kile kichwa polepole ili anione. Nikikumbuka leo najua kwamba wivu hauanzi siku mtu anapokosa kitu. Unaanza siku anapokifurahia kwa sababu mwenzake hanacho.

Mwanzo wa msimu wa baridi skuli yetu ilipata mwalimu wa Kiingereza kutoka Amerika, kijana mrefu mwenye shingo nyekundu, jina lake Mista Roy. Alitukuta tukicheza mpira wadini, kwenye bonde kavu la mto, miguu mitupu juu ya changarawe, akakaa juu ya jiwe akatazama hadi Maghribi. Wiki iliyofuata alikuja na mpira wake. Tulicheka. Bibi alipouona alisema, "Na mpira huu nao umelaliwa na nani mpaka ukawa hivi?" Mista Roy alisimamisha magogo mawili ya mtende, akafunga kamba baina yake, akatueleza kwamba kwao mchezaji mmoja huingia kwa kazi hii tu: kuupitisha mpira juu ya kamba. Lakini mpira ule hausimami wenyewe. Lazima mtu apige goti, auweke chini, aushike kwa ncha ya kidole, atulie, mwenzake aje mbio aupige mbele ya uso wake.

Tulijaribu sote. Nasor alipopiga, hata watu waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe shambani waliinua vichwa. Mimi nilipopiga mpira ulipita, ila ulipita kama mtu anayeomba radhi. Mista Roy akaniambia, "Khalfan, wewe una mkono mtulivu. Wewe shika." Nami nikashika. Mwezi mzima, kila baada ya Alasiri, nilipiga goti kwenye changarawe nikamshikia Nasor mpira. Sijui kama msomaji amewahi kumpigia goti mtu anayelala naye chumba kimoja. Nilisikia upepo wa mguu wake ukipita shavuni, halafu nikawasikia watu nyuma yangu wakishangilia kitu ambacho mimi, nilivyoinama, sikukiona. "Umeuona huo?" Nasor alikuwa akiniuliza kila mara, anahema, anacheka. "Nimeuona," nilijibu, nami sikuuona. Na mwezi huo huo, siku moja ya samaki, Bibi alichota kichwa akakitia sahani ya Nasor. "Anatumika sana siku hizi," alisema, bila ya kunitazama. "Weye mwanangu umeshakula vichwa vya kutosha, sasa vifanyie kazi."

Halafu Mista Roy akatuambia lililokuwa moyoni mwake. Kaka yake alikuwa msaidizi wa mkufunzi katika chuo kikuu kimoja kwao, na chuo kile kilikuwa tayari kumsomesha bure mtu wa kupiga mpira kama akiwafaa. Alikuwa na kamera ndogo na filamu moja. Alhamisi ya mwisho kabla ya likizo atampiga picha Nasor, filamu iende Amerika. Nilimuuliza, na niliuliza kwa upole sana, "Na Nasor akiwa na udhuru siku hiyo?" Akasema, "Basi utapiga wewe, Khalfan. Filamu ni moja." Hakukusudia baya. Lakini tangu hapo maneno yale nilikwenda nayo msikitini na kurudi nayo.

Ijumaa moja, wiki tatu kabla ya siku ya filamu, Nasor alipiga mpira uliopita juu ya kamba, ukapita njia ya punda, ukaangukia kwenye shamba la watu. Watu wote wakasema mashaallah, kila mmoja, hata watoto, maana kwetu mtu hasifu kitu bila kumtaja aliyekitoa. Jicho la mwanadamu halina mlango. Mimi nilikuwa bado nimepiga goti, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimegeuza kichwa nikauona ulivyokwenda. Nikasema kwa sauti, "Huu si mguu, huu mzinga." Neno lile jingine nililizuia. Sikulisahau, nililizuia, nililisikia limefika mdomoni nikalirudisha. Baada ya siku mbili, juu ya mgongo wa mguu wake wa kulia, pale pale panapokutana na mpira, Nasor akaota jipu.

Hospitali walilipasua, wakampa vidonge. Halikufunga. Alitembea kwa ndara moja, mguu umefungwa kitambaa, na kila alipojaribu kuupiga mpira hata kwa taratibu, uso ulimgeuka rangi. Nami nilianza kufanya mazoezi. Jumatano Bibi alikwenda soko la wanawake, akarudi na bizari, kanga mbili na shauri. Nilikuwa juu ghorofani nikamsikia akimwambia Nasor jikoni.

"Hilo jicho."

"Bibi, hospitali wamesema uchafu wa wadini."

"Uchafu wa wadini mmeukanyaga nyote. Mbona wewe tu?"

"Basi nani, Bibi?"

"Sijui, wala sitaki kujua. Atakayenipa maji atanipa bila kujijua."

Jambo lenyewe tumefundishwa na dini: aliyempata mwenzake kwa jicho atawadhe, na maji yake amwagiwe yule aliyepatwa. Hilo ni jepesi mwenye jicho akijulikana. Asipojulikana, wazee wetu wa huku wana njia yao isiyomvunjia mtu heshima. Huwaalika wote waliokuwapo, wakanywa kahawa, na makombo ya kila kikombe na suuzo lake hukusanywa mahali pamoja, akaoshewa aliyepatwa. Basi Ijumaa baada ya sala Bibi akawaalika watu kumi na tatu waliouona ule mpira, Mista Roy akiwamo, kwa jina la karamu ya kumwombea Nasor afya. Palikuwa na halwa, tende, na mkate wa kumimina. Bibi alikaa nyuma ya pazia la mlango wa ndani na bakuli la shaba mapajani.

Mtu wa kumimina kahawa husimama, birika mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, naye hunywa wa mwisho au hanywi kabisa. Kwa kawaida ilikuwa kazi ya Nasor, mimi nikikaa na wakubwa. Siku ile nilisema, "Nasor apumzike mguu, nitamimina mie." Nasor akasema, "Allah akuweke, ndugu yangu." Nikamimina. Kila mtu aliyetikisa kikombe kuonesha ametosheka, nilikichukua, nikaenda nacho mlangoni, nikampa Bibi kupitia chini ya pazia. Mista Roy hakujua kutikisa. Alikunywa kikombe baada ya kikombe, jasho linamtoka, anasema shukrani kila mara, mpaka mzee mmoja akamshika mkono akautikisa yeye. Watu wakacheka sana, nami nikacheka. Nilikuwa nimestarehe, nikidhani nimepona.

Wageni walipotoka Bibi akaniita nyuma ya pazia. "Na wewe kunywa."

"Nitakunywa baadaye, Bibi."

"Ulikuwapo hukuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Basi kunywa, mwanangu."

Nikarudi sabla peke yangu. Birika lilikuwa bado na kahawa ya moto. Nilichukua kikombe kisafi, nikatia maji ya mtungi, nikakizungusha, nikampelekea. Hadi leo nakiona mkononi mwake. Kahawa ya kwetu ina zafarani, huacha duara la manjano ndani ya kikombe. Kile hakikuwa na duara. Bibi alikitazama, akanitazama, akayamwaga bakulini pamoja na mengine. "Ahsante," alisema. Nilikaa kwenye ngazi nikamsikia akimwosha Nasor mguu uani, anasoma polepole, maji yanadondoka kwenye sinia. Nilitaka kuteremka. Nilijiambia nitateremka akimaliza aya hii, kisha hii. Akamaliza.

Mguu haukupona. Siku zile, kabla ya Maghribi, nikisharudi nyumbani kutoka mazoezini, nilikuwa nikisikia nyuma ya ukuta wa shamba kishindo kimoja, kimya, halafu kishindo kingine. Nilidhani watu wanapasua kuni. Alhamisi ikafika. Mista Roy aliweka kamera juu ya jiwe lake, akaniambia nianze, mtoto wa jirani akanishikia. Nilipiga mara tano, mitatu ikapita, na wa mwisho ulipita vizuri hasa. Nilifurahi furaha ambayo sijaipata tena kwa jambo la dunia. Hapo Nasor akatokea njiani kutoka mashambani, mguu wa kulia umefungwa, wa kushoto mtupu na una vumbi mpaka kwenye goti. "Mista," alisema, "filamu imebaki?" Ilikuwa imebaki. Akanijia mimi. "Khalfan, nishikie. Lakini hamia upande huu, siku hizi napiga na huu."

Ndivyo nilivyojua kishindo kile kilikuwa nini. Alikuwa akiuchukua mpira nikishamaliza mimi, akausimamisha baina ya mawe mawili nyuma ya ukuta, peke yake, kila siku, akiufundisha mguu wa kushoto kazi ya wa kulia, wala hakutaka kunisumbua maana aliniona nafanya mazoezi. Nilipiga goti upande ambao sikuuzoea. Nilijua vizuri kwamba nikiulaza mpira kidogo tu, kiasi cha unene wa kidole, utakwenda kombo na hapana atakayejua. Sikuulaza. Ningependa kuandika kwamba nilimcha Mungu. Kilichonizuia ni ile kamera. Nasor akapiga sita, yote ikapita, na mpira ulizunguka kinyume na ulivyokuwa ukizunguka siku zote. Mista Roy aliondoa jicho kwenye kamera akasema kitu kwa Kiingereza chao ambacho skuli hatukufundishwa.

Barua ilirudi kabla ya joto. Walimtaka wa kushoto. Alikwenda akasoma uhandisi, na kila wiki aliingia uwanjani mara tatu au nne, akapiga, akatoka. Baadaye timu ya kulipwa ikamchukua, akaichezea misimu saba. Walisema wapinzani walisumbuka na mzunguko wa mpira wake, kwa kuwa waliozoea mguu wa kulia hawakuwahi kuuona. Kwa hiyo fikirini. Ikiwa ni jicho langu lililomletea jipu, basi ni jicho langu lililompa kazi. Mwenyezi Mungu ni mbora wa kupanga, na mara nyingine mpango wake humcheka hasidi usoni. Mimi, mwezi ule ule aliosafiri, Bibi aliuza kondoo wake wawili akanipeleka Nizwa kwa sheikh mmoja kusoma. "Miaka minne," alisema. Sikuuliza kwa nini. Niliona kwamba mmoja amepewa Amerika, na mwingine amepewa mkeka. Ilinichukua muda mrefu kuupenda mkeka ule, na nilipoupenda niliupenda kikweli.

Barua za Nasor zilikuja kwangu, si kwa Bibi. Zilikuwa barua za tabu. Baridi imempasua midomo. Hapana wa kusali naye. Wamemweka nje mechi tatu. Chakula hakina ladha, goti linamuuma, mji mzima hapana anayelijua jina lake sawasawa. Hakuniandikia hata mara moja kwamba alishinda kitu. Niliyajua mafanikio yake kwa midomo ya watu, na nilichukia: nilisema huyu anajionesha mnyenyekevu, ananificha neema kama kwamba mimi ni mtu baki.

Juzi, saa nne asubuhi, kabla vijana hawajaja na simu zao, tulikuwa wawili tu sablani. Nikaona umri umekwenda, na mtu hajui atakufa lini na deni la mwenzake shingoni. Nikamwambia yote: neno nililolizuia, birika, kikombe cha maji matupu. Nilisema nikitazama mkeka. Nikamwomba anisamehe.

Nasor akachagua tende. "Nnajua," akasema.

"Unajua lipi?"

"La kikombe. Bibi aliniambia siku ile ile, ananiosha mguu. Alisema, humu maji ya mtu mmoja hayamo. Nikamuuliza ni nani. Akasema, yule unayelala naye. Tena akasema usimuulize, wala usimtazame jicho la kumjua. Dawa yake nnayo, iko Nizwa."

Akaendelea, na alikuwa akitabasamu kama anayesimulia habari za watu wengine. "Na siku ya kusafiri alinishika mkono pale mlangoni. Alisema, ukimwandikia, mwandikie shida. Raha usimwandikie, zitamla, na yule mwanangu ana kheri nyingi. Wallahi, Khalfan, mara nyingine sikuwa na shida yoyote. Ilinibidi nikae mezani niitafute."

"Miaka yote hii?"

"Mpaka alipokufa. Halafu ikawa mazoea."

Nilimshukuru Mungu, nami nilimaanisha. Bibi yangu alinijua, hakunifedhehesha, akauza kondoo wake ili moyo wangu upate kufuliwa, na kila nilichokuwa nacho, sala ninayosalisha na watoto niliowasomesha, kimetoka katika kondoo wale. Mtu anayepewa hivyo atake nini tena? Na bado, nikiwa naomba rehema kwa ajili yake, nilikihisi kile cha zamani kinanikwaruza kifuani.

"Umenuna," Nasor akasema.

"Sikununa."

"Umenuna, nakujua. Nimekusamehe, nini tena?"

Nikamwambia kweli. "Nakuonea wivu."

"Kwa lipi sasa, Khalfan? Kwa magoti haya?"

"Kwa Bibi. Siri ilikuwa yangu, na alikupa wewe."

Nilidhani atacheka. Aliiweka ile tende sahanini bila ya kuila. "Alinipa maneno mawili uani na mawili mlangoni," akasema. "Wewe ulirudi kutoka Nizwa ukakaa naye miaka sita. Ulimpikia uji. Ulimwosha miguu, ukamsomea, ukateremka kaburini ukampokea kwa mikono yako. Mie siku hiyo nilikuwa nimesimama uwanjani Amerika, watu wanapiga makofi, na habari ilinifikia baada ya siku nane. Miaka hiyo yote nikikuandikia shida, hiyo ndiyo ya kweli, nami sikuweza kukuandikia."

Akaniuliza alikufa vipi, mchana au alfajiri, na alisema nini mwishoni. Hakuwahi kuniuliza. Nikasogea karibu, kwa kuwa sikio lake moja halisikii vizuri, nikaanza kumsimulia. Nilifika mahali ambapo Bibi aliomba maji, nikasita, maana neno lililofuata aliniambia mimi peke yangu, na nimekaa nalo tangu siku ile bila kumpa mtu. Nasor alikuwa akinitazama mdomoni kama mtoto anayengoja kulishwa. Nikampa.